Sala, Dhikiri na Kiti cha Mshauri: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamejikusanya kwa miaka. Mengine niliulizwa barazani Kisenyi, mtaa wa Kampala, mengine chini ya turubai Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, mengine yalikuja kwa simu usiku kutoka kwa watu waliokuwa wakinong'ona ili wenzao wa nyumbani wasisikie. Wengi walioniuliza ni watu wa dini, Waislamu kwa Wakristo, na Kiswahili kwao ni lugha ya nyumbani au lugha waliyovuka nayo mpaka. Mimi ni mshauri nasaha, tena ni mtu wa sala. Nimejibu hapa kama nilivyowajibu wao ana kwa ana. Visa vya watu niliowahudumia nimevibadilisha mahali pengi ili wasitambulike.

Tiba ya mazungumzo ina tofauti gani na kushauriwa na ssenga au wazee?

Ssenga, yaani shangazi, na wazee wanakupa shauri: fanya hivi, vumilia pale, kamwombe fulani msamaha. Ni kazi kubwa na sitaidharau, maana mimi mwenyewe niliingia kwenye ndoa na maneno ya ssenga wangu kichwani. Ila ssenga anajua tayari unatakiwa uwe mtu wa namna gani. Mshauri hajui, na anatakiwa akae hivyo hivyo bila kujua mpaka umweleze.

Mnakaa wawili, au kikundi cha watu wachache, siku ile ile na saa ile ile kila wiki, kwa kawaida dakika 50 hadi 90. Wewe unasema. Yeye anasikiliza kwa ufundi aliousomea: anaona pale unapokwepa jambo, analikumbuka jina ulilolitaja mara moja wiki tatu zilizopita, anakuuliza mbona machozi yamekuja ulipotaja baiskeli na hayakuja ulipotaja msiba.

Na safari ya batini, yaani ya ndani ya moyo, ni kitu gani?

Kiswahili kimetupa maneno mawili mazuri, dhahiri na batini. Kuna dini ya dhahiri, ya nguo nyeupe za Ijumaa na kwaya ya Jumapili. Ndani yake wamekuwapo siku zote watu wanaotaka kukutana na Mungu wenyewe, moyoni, bila kuhadithiwa na mtu. Masufi wanaifuata njia hiyo kwa dhikiri, yaani kumtaja Mungu tena na tena, na muraqaba, yaani kuuchunga moyo mbele yake. Wamonaki wa Kikristo wanaifuata kwa sala ya kimya. Bibi wa kijijini anayebaki amepiga magoti dakika nyingi baada ya maneno kumwishia, naye yumo, hata kama hajawahi kusikia neno tasawufi, yaani usufi.

Mwanasaikolojia wa Marekani William James, katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh na kuichapisha mwaka 1902, alitaja alama nne za hali hiyo. Haielezeki kwa maneno. Inamwachia mtu ujuzi fulani ambao hakuwa nao. Haidumu muda mrefu. Na mtu hujihisi ameshikwa, kwamba hakujipeleka mwenyewe. Nimewasomea watu alama hizo mara nyingi, na karibu kila mara kuna mmoja anayeinamisha kichwa na kusema: hiyo ilinipata.

Basi vitu hivi viwili vinakutana wapi?

Kwenye sikio. Hili ndilo jambo ninaloliamini kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Tunamwona mtu wa Mungu kama mtu aliyejitenga peke yake jangwani au mlimani. Lakini ukizichunguza njia zenyewe, karibu zote zilikataa mtu aende peke yake. Katika jangwa la Misri, karne ya 4, mwanafunzi alikwenda kwa mzee wake na kumfunulia mawazo yanayomsumbua, na alimfunulia mawazo, siyo dhambi tu. Evagrius, aliyeishi huko mpaka mwaka 399, aliyapanga mawazo hayo katika aina nane, pamoja na lile la uchovu wa roho unaomfanya mtu achungulie jua kila mara akiona siku haiishi. Basra akazaliwa al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 857, na jina lake lenyewe linatokana na muhasaba, yaani kuifanyia nafsi hesabu. Njia za kisufi zikaweka sheikh na muridi, yaani mwanafunzi wake: usiingie ndani ya nafsi yako bila mtu anayeijua njia.

Sasa tazama walichokifanya walevi wawili wa Marekani mwaka 1935 walipoanzisha vikundi vya kuacha pombe, Alcoholics Anonymous. Hatua ya tano kati ya hatua zao 12 inamtaka mtu akiri makosa yake kwa Mungu, kwake mwenyewe, na kwa binadamu mwingine. Kwa nini huyo binadamu wa tatu, ikiwa Mungu amekwisha kusikia? Kwa sababu mtu akisali peke yake anaweza kuruka ukurasa. Akiwa na mwenzake mwenye macho, hawezi.

Tiba ya mazungumzo imelichukua sikio hilo, ikalifanya taaluma. Haikuleta kitu kigeni.

Je, si mambo ya Wazungu haya?

Mwaka 1925 mmoja wa waasisi wa tiba hii, Carl Jung wa Uswisi, alikuja huku kwetu kusikiliza. Alipiga kambi Mlima Elgon, upande wa Kenya wa mlima huu ambao watu wa Mbale wanauita Masaba. Kisha akapita Bugisu na Jinja, akateremka na mto Nile hadi Misri. Alizungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kubahatisha, kamusi ndogo mkononi. Aliona kwamba alfajiri watu walitoka vibandani, wakatema mate au kupuliza pumzi viganjani, wakavielekeza viganja kwenye jua linalochomoza. Aliwauliza kama jua ndiye Mungu wao. Wakacheka. Jua likiwa juu si kitu, wakamwambia. Ni ile saa linapochomoza.

Jambo lililomgusa zaidi lilitoka kwa mganga mmoja mzee. Alimweleza, machozi yakimlenga, kwamba zamani waganga walioteshwa ndoto, wakajua vita, magonjwa, na wapi pa kupeleka ng'ombe. Tangu Waingereza waje, ndoto zimekoma, maana sasa DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, ndiye anayejua kila kitu. Nikiikumbuka habari hiyo nawakumbuka akina mama walioniambia kwamba tangu wavuke mpaka wa Kongo pale Bunagana hawaoti tena, au wanaota kitu kimoja tu kila usiku. Mtu aliyenyang'anywa ndoto zake ni mgonjwa, na yule mzee alilijua hilo bila shule.

Mwezi wa Januari 1961, miezi michache kabla hajafa, Jung alimwandikia Bill Wilson, mmoja wa wale walevi wawili, kwamba kiu ya mlevi ni kiu ya roho iliyopotea njia, na kwamba Kilatini hutumia neno moja kwa roho na kwa pombe kali. Anayejua waragi, pombe kali ya huku, imefanya nini majumbani mwetu hatalishangaa neno hilo.

Siyo wote waliofikiri hivyo. Freud, mwalimu wa Jung kabla hawajakosana, aliandikiwa na rafiki yake Romain Rolland kuhusu hisia ya kuzama katika kitu kisicho na mwisho, kama bahari, naye akajibu kwamba hisia hiyo haioni ndani yake. Namheshimu kwa kusema kweli.

Mimi ni Mwislamu. Nikienda kwa mshauri, si nimekosa tawakuli, yaani kumtegemea Mungu?

Mwaka 1095 Imamu Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya, Baghdad, mtu wa heshima kuliko wanazuoni wote wa mji ule. Ulimi ukamkwama. Amesimulia mwenyewe kwamba alijilazimisha kufundisha walau siku moja kuwaridhisha wanafunzi wake, na neno halikutoka. Chakula kikakataa kushuka, hata maji. Madaktari wakakata tamaa, wakasema jambo limeingia moyoni na kutoka huko limeenea mwilini, na hakuna dawa mpaka moyo wenyewe utulie. Aliacha cheo na mji, akaenda Sham, yaani nchi ya Syria, akakaa faragha. Aliporudi kufundisha ilikuwa imepita miaka zaidi ya kumi.

Kama mtu aliyeitwa hujjatul-Islamu, hoja ya Uislamu, alikiri kwa kalamu yake kwamba moyo ulimuugua mpaka mwili ukashindwa, wewe unaona haya kwa lipi?

Kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja. Alitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu inayoonekana. Alisema pia kwamba kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kwa dharura, mtu aweke akiba ya mawazo mema wakati ametulia, yamfae siku ya dhiki. Wataalamu wa leo wakifundisha jambo hilo hilo, tunadhani limetoka London.

Na Qurani yenyewe imeitaja nafsi kwa hali zake: inayoamrisha maovu, inayojilaumu, na iliyotulia. Watu wengi wanaokuja kwangu wamekwama kwenye ile ya kati. Wanajilaumu mchana na usiku, na wanadhani huko kujilaumu ndiyo ibada yenyewe. Hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Sisi ni walokole. Ushuhuda mbele ya ndugu hautoshi?

Mwezi wa Septemba 1929, kwenye mlima wa Namirembe, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho ulioenea Gahini kule Rwanda, Uganda yote, Kenya na Tanganyika unahesabu siku zile miongoni mwa chemchemi zake. Kiini cha uamsho ule kilikuwa kuungama mbele ya wenzako. Watu walirudisha ng'ombe walioiba, waume waliwaambia wake zao yaliyofichwa, Mwafrika na Mzungu wakaombana msamaha sebule moja. Hayo ni mageuzi ya kweli ya mtu, na yalipatikana kwa sikio la ndugu, kama nilivyosema.

Lakini ushirika ule wa mwanzo ulikuwa wa watu waliojuana, waliorudi kukaa pamoja wiki iliyofuata. Kipaza sauti ni kitu kingine. Nilipokuwa na miaka 24 nilisimamishwa mbele ya kanisa moja, nisilopenda kulitaja, nikaulizwa nieleze kilichonipata nilipokuwa mtoto. Nilieleza, watu wakapiga vigelegele. Jumanne yake muuza nyanya aliniita kwa jina ambalo sikuwahi kumpa. Ilinichukua miaka minane kulisema jambo lile tena kwa mtu yeyote, na nililisema chumba chenye mlango uliofungwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: shuhudia yaliyokwisha kupona. Kidonda kibichi kipeleke kwa mtu mmoja anayejua kutunza siri. Kwa padri kuna muhuri wa kitubio. Kwa mshauri kuna kiapo cha siri, na kinavunjwa pale tu maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini. Mwulize hayo siku ya kwanza.

Nilipata amani kubwa mlimani, lakini nyumbani hasira imerudi vile vile. Nilikosea wapi?

Hukukosea. Mimi nilikaa siku tatu kwenye mlima mmoja wa maombi nje ya Kampala, nikifunga. Siku ya tatu alfajiri ukimya ulinishukia kama shuka safi. Kila kitu, mpaka siafu waliopita karibu na magoti yangu, kilikuwa mahali pake. Sijapata kuutilia shaka ukimya ule hadi leo. Jioni nilifika nyumbani, dada yangu akanifungulia mlango, na kabla sijavua viatu tulikuwa tunagombana kuhusu kibanja, kiwanja cha marehemu baba, kwa maneno yale yale ya mwaka uliotangulia, sauti ile ile.

Mwanasaikolojia John Welwood, aliyekuwa pia mfuasi wa Kibudha, aliligundulia jina jambo hili mwaka 1984: kutumia mambo ya kiroho kuzunguka kando ya yale yanayouma, kama dereva anayechepuka njia ya vumbi asipite kwenye kizuizi. Mtu anasema "nimeshasamehe" kabla hajajua amekosewa nini. Anasema "dunia si kitu" huku anaogopa kumwomba mumewe pesa ya chumvi.

Amani ile ya mlimani ilikuwa ya kweli, ila haikuja kufanya kazi ya kibanja. Ya kibanja ilinitaka nikae na kumbukumbu ya baba akimpa dada funguo mbele yangu, na niseme kwa mdomo wangu nilivyojisikia. Nilisema, mbele ya mshauri mwenye umri mdogo kuliko wangu, na ilichukua miezi mingi. Ukimya wa mlimani ulinisaidia nisikimbie chumba.

Nimesikia sauti, nimeona mwanga. Nimeitwa, nimepagawa, au nina wazimu?

Ndilo swali ninaloulizwa kwa hofu kuliko yote. Sina kipimo cha kukuambia sauti imetoka wapi, na anayekuambia anacho, mwogope. Ninachoweza kukuuliza ni haya: umelala? Umekula? Unafanya kazi yako? Watu wa nyumbani bado wanakuelewa ukisema? Sauti inakuamrisha ujidhuru au umdhuru mtu? Ulipata hali hiyo ikapita ikakuacha mpole, au inakufukuza huku na huko?

Kumsikia marehemu akikuita jina lako jioni, wiki chache baada ya mazishi, ni jambo linalowapata wafiwa wengi duniani. Kwa peke yake si ugonjwa. Madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 1994, waliweka kifungu cha matatizo ya kidini au ya kiroho ambayo hayahesabiwi kuwa ugonjwa wa akili, ili daktari asimwandikie dawa kila anayetetemeka kwenye sala.

Lakini sikia na upande wa pili. Kijana mmoja mwimbaji wa kwaya alikesha mikesha minne mfululizo. Siku ya tano hakuhitaji usingizi. Aliongea haraka, akaeleza mipango ya mataifa, akamgawia mtu asiyemjua bodaboda yake, ambayo hata deni lake lilikuwa halijaisha. Watu walisema ni upako. Mama yake peke yake ndiye aliyesema, "Huyu si mwanangu," akampeleka Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili. Kukosa usingizi kunaweza kuamsha ugonjwa wa akili kwa mtu aliyeubeba bila kujua, na mikesha haimwulizi mtu kama anao. Alikaa wodini wiki tatu. Sasa anaimba tena, anatumia dawa, na mkesha wake unaishia saa tano usiku. Kuhusu zile siku nne, tumezungumza sana. Kuna kitu kimoja alichokiona usiku wa kwanza, kabla mambo hayajaharibika, ambacho bado anakithamini. Sikumwambia kwamba ni ugonjwa tu. Mtu anaweza kuwa mgonjwa na akawa ameguswa pia, na kumnyang'anya kimoja ili akubali kingine ni ukatili.

Sala imekauka, sioni maana ya kitu. Ni usiku wa roho au ni sonona, ugonjwa wa huzuni?

Yohane wa Msalaba, Mhispania, alifungwa na watawa wenzake katika chumba kidogo Toledo tangu mwisho wa mwaka 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578, na kutoka humo akatupa habari za usiku wa giza wa roho. Watu wanamtaja sana, lakini wanasahau kwamba yeye mwenyewe alionya ukavu huo usichanganywe na ugonjwa wa huzuni, na kwamba viwili hivyo vinaweza kuja pamoja. Hiyo ilikuwa karne ya 16.

Ninachokiona mimi ni kwamba sonona haichukui sala peke yake. Inachukua na hamu ya chakula, usingizi, kucheka na watoto, mpaka nguvu ya kunawa uso. Ikiwa ni wiki mbili na zaidi, tibu sonona kwanza. Usiku wa roho, kama upo, hautaharibiwa na matibabu.

Kuna ushahidi gani kwamba kuongea kunaponya watu wa huku?

Upo, na mwingine ulipatikana hapa hapa. Katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, watafiti walianza kwa kuwauliza watu wenyewe wanaiitaje hali hiyo. Wakajibiwa kwa Luganda: okwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Kisha vikundi vya wanaume na vya wanawake vikakutana wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi, wakiongea juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, na kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi asilimia 54.7.

Nakivale, wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali walihudumiwa na wakimbizi wenzao waliofunzwa kuwasaidia wasimulie maisha yao kwa mpangilio. Utafiti ule ulitoka mwaka 2008. Namna yenyewe naipenda sana kuiona. Kamba inatandazwa chini tangu kuzaliwa mpaka leo. Ua linawekwa palipokuwa na furaha, jiwe palipouma. Nimemwona baba wa watu akishika jiwe dogo kwa muda mrefu, akalirudisha, akachukua kubwa zaidi.

Na kambi ya Rhino, huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanawake wa Sudan Kusini walikusanyika vikundi vya watu 20 hadi 30 kusikiliza mafunzo yaliyorekodiwa: kurudi kwenye pumzi, kuyatazama mawazo bila kuvutwa nayo, kutenda lile unalolithamini. Sehemu ya ufundi ule ilitoka kwenye tafakuri za Kibudha, ikapita hospitali za Marekani, ikafika West Nile ndani ya spika. Anayefanya dhikiri hatahisi ugeni.

Na waganga, majini, cen?

Siwezi kujibu kwa neno moja. Acholi, kaskazini mwa Uganda, mtu aliyeua au aliyepita juu ya waliouawa anaweza kuandamwa na cen, roho ya marehemu iliyokasirika. Waliorudi kutoka vitani walikanyaga yai bichi kabla ya kuingia nyumbani, wazee wakiwashuhudia. Tendo lile linafanya jambo ambalo mimi na kiti changu hatuwezi: linamwambia mtu, na linauambia ukoo wote kwa pamoja, kwamba amerudi. Ila wengi waliokanyaga yai bado waliamka usiku wakipiga kelele, na hao walihitaji mtu wa kuwasikiliza pia.

Kwa mganga, kwa sheikh wa ruqya anayemsomea mgonjwa Qurani, kwa nabii, nina kipimo kimoja. Nani anaongea? Ukifika, kabla hujafungua mdomo akakuambia jirani yako ndiye aliyekuroga, basi amekunyang'anya ulichokuja nacho. Utatoka na adui mpya, na jambo lako liko pale pale. Akikuuliza, akangoja, akakusikiliza mpaka mwisho, huenda mna kazi ya kufanya.

Niache dawa ninapofunga au ninapoombewa?

Usiache. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege zisizokoma, na watu hufa. Anayetumia lithiamu asifunge, iwe Ramadhani au kwaresima, bila kuzungumza na daktari wake, kwa sababu mwili ukikauka maji dawa hupanda kwenye damu mpaka ikawa sumu. Masheikh na mapadri niliowauliza wote waliniambia kwamba mgonjwa ana ruhusa.

Nitamjuaje kiongozi wa kiroho asiye salama?

Tarehe 17 Machi 2000, Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliungua ndani ya kanisa lao, wakiwamo watoto. Viongozi wao walidai kutokewa na Bikira Maria. Wafuasi walikuwa wameuza mali zao, na mazungumzo ya kawaida yalizuiwa mpaka wakawasiliana kwa ishara. Nalirudia hili la mwisho kila ninapofundisha. Mahali ambapo maono ya kiongozi hayaulizwi na midomo ya wafuasi imefungwa, ondoka hata kama nyimbo ni tamu. Anayekutenga na ndugu zako, anayekutaka uuze, anayekuita peke yako usiku: ondoka.

Niende wapi nikihitaji msaada?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, hasa cha ngazi ya nne, uulize mhudumu wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Gulu na Mbarara, zina vitengo vya akili, na Butabika iko Kampala tangu miaka ya 1950. Kwenye makazi ya wakimbizi uliza TPO Uganda, shirika linalofanya kazi hii tangu 1994. Kama unafikiria kujiua, usisubiri miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo, asikuache peke yako, akusindikize.

Naweza kuja na tasbihi au rozari yangu chumbani?

Njoo nayo. Mzee mmoja, Hajji, mwenyeji wa Bombo, alikuja na tasbihi ya punje 99 na hakuiweka chini hata siku moja. Miezi miwili ya kwanza alisema machache, punje zikiendelea kupita kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilijifunza kutazama mkono kuliko uso. Siku moja alikuwa akinihesabia ndugu zake waliokua pamoja, kwa majina, na kwa kila jina punje moja ikapita. Alipofika wa nne vidole vikasimama. Alitaja wa tano, wa sita, punje haikusogea.

"Hajji," nikamwuliza, "huyu wa nne aliitwa nani?"

Akaitazama tasbihi kama mtu aliyeamshwa. Kisha akalitaja jina, na tukaanza.